Mkopo wa Bodi: nilivyokosa awamu ya kwanza nikapata kwa rufaa

Niko mwaka wa pili chuoni Dodoma, nasomea ualimu wa sayansi, na ninasoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Kila nikirudi nyumbani Handeni, wadogo zangu waliomaliza kidato cha sita wananifuata na swali lilelile: "Dada, hivi Bodi wanatoa kweli, au mpaka uwe na mtu?" Wanatoa. Mimi sina mtu. Mama yangu analima mahindi, na ile ada ya maombi, shilingi 30,000, aliipata kwa kuuza kuku. Lakini awamu ya kwanza nilikosa, na nilikosa kwa jambo nililokubali mwenyewe lijazwe kwenye fomu yangu. Naliandika kama lilivyotokea, maana najua wapo watakaoshawishiwa kufanya vilevile.

Maombi yanafanyika mtandaoni kwenye mfumo unaoitwa OLAMS. Unajisajili kwa namba yako ya mtihani wa kidato cha nne, unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu au benki, kisha unajaza. Ukimaliza unaprinti fomu, unasaini wewe, anasaini mdhamini wako, serikali ya mtaa au kijiji inagonga muhuri, halafu unaipeleka kwa hakimu au wakili. Kurasa zilizosainiwa unaziskani na kuzirudisha kwenye mfumo. Kwangu hatua hizi hazikuwa ngumu. Mtendaji wetu wa kijiji alinigongea muhuri akiwa shambani kwake, jembe kaliegemeza kwenye mti.

Kazi iko kwenye vyeti. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe kwanza, Bara na RITA, Zanzibar na ZCSRA, yaani wakala za usajili wa vizazi na vifo, na ile namba ya uhakiki ndiyo unayoijaza kwenye maombi. Mzazi akiwa amefariki, cheti chake cha kifo nacho kinahakikiwa hivyo hivyo.

Baba alifariki nikiwa kidato cha pili. Nyumbani tulikuwa na kibali cha mazishi, karatasi iliyokunjwa mara nne ndani ya bahasha ya kaki, pamoja na kadi yake ya kliniki. Miaka yote tuliamini hicho ndicho cheti cha kifo. Kumbe kibali kinakuruhusu kuzika tu. Cheti chenyewe kinaombwa kwa msajili, na kwetu sisi ni kwenye ofisi ya mkuu wa wilaya.

Hilo nililigundua nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki ndani ya steshenari moja karibu na stendi, zimebaki siku nne dirisha lifungwe. Kijana aliyekuwa ananijazia alikitazama kile kibali, akakirudisha mezani. "Dada, hiki hakipiti. Tuweke baba yuko hai, kazi yake mkulima, mfumo uende. Nani atakuja kijijini kwenu kuuliza?" Nyuma yangu kulikuwa na foleni. Nilinyamaza kidogo, kisha nikamwambia aweke.

Jioni nilimpelekea mama fomu asaini, kwa kuwa yeye ndiye mdhamini wangu. Mama kusoma kwake ni kwa taabu. Alifuta mikono kwenye kanga, akaiweka fomu juu ya sinia lililogeuzwa ili isichafuke, akaandika jina lake herufi moja moja. Alipomaliza, kidole chake kikasimama kwenye jina la baba. "Hapa wameandika nini?" Nikamwambia, "Jina la baba tu, mama." Akaitikia kwa kichwa, akaridhika. Usiku ule sikulala vizuri, na mpaka leo nikikumbuka kile kidole naumia.

Oktoba majina yakaanza kutoka. Unayaangalia kwenye akaunti yako ndani ya mfumo, SIPA, na wenzangu wa shuleni walikuwa wakitumiana picha za skrini kwenye kundi letu la WhatsApp. Mimi sikupangiwa; kwenye fomu nilionekana nina wazazi wote wawili. Na hapo nikakutana na tatizo lingine: nilikuwa nimesahau nywila, na namba ya simu iliyosajiliwa ilikuwa ya yule kijana wa steshenari, barua pepe yake pia. Ilinibidi nipande bodaboda mpaka mjini kumtafuta ili anisomee ujumbe. Mwaka huo kila aliyejaziwa pale alikuwa amesajiliwa kwa namba ya kijana huyo.

Nilikwenda chuo hivyo hivyo, na pesa ya magunia ya mahindi yaliyouzwa kabla ya bei kupanda. Kabla sijaondoka nilimweleza mama ukweli wote. Hakunigombeza. Aliinuka, akachukua ile bahasha ya kaki na barua ya kijiji, na kesho yake asubuhi akaenda wilayani. Alikwenda mara tatu. Cheti cha kifo kilipotoka alimpa dereva wa basi aniletee Dodoma, kikiwa katikati ya daftari ili kisikunjike.

Dirisha la rufaa lilipofunguliwa nilijaza mwenyewe, kwa simu yangu, nikakaa maktaba ambako mtandao haukatiki. Nilirekebisha taarifa za baba, nikaweka cheti kilichohakikiwa. Majibu yalipotoka nilikuwa nimepangiwa fedha ya chakula na malazi, fedha ya vitabu na viandikwa, na sehemu ya ada. Ada iliyobaki tunalipa wenyewe kwa awamu. Nilimpigia mama nikashindwa kuongea, akadhani nimekosa tena, akaanza kunibembeleza.

Kuhusu kiasi: fedha ya chakula na malazi, bumu kama tunavyoiita chuoni, ni shilingi 10,000 kwa siku, ilipandishwa kutoka 8,500. Vitabu na viandikwa ni 200,000 kwa mwaka. Haiji kidogo kidogo kila wiki, inakuja kwa mkupuo, na hapo ndipo wengi wanapoumia. Mwezi wa kwanza chipsi na kuku kila jioni, mwezi wa pili wali maharage wa kukopa. Mimi ikiingia nanunua kwanza mchele, mafuta na unga wa kunitosha mpaka awamu inayofuata, kinachobaki ndicho cha matumizi mengine.

Na huu ni mkopo, siyo ruzuku. Sheria inataka aliyeajiriwa akatwe asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi mpaka deni liishe. Aliyejiajiri analipa asilimia 10 ya kipato chake au angalau 100,000 kwa mwezi. Kwa mshahara wa mwalimu asilimia 15 inauma, nimeshawaona walimu wangu wakiilalamikia. Kilichonipa moyo ni kwamba mwaka 2021 Serikali iliifuta ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo iliyokuwa inaongeza deni kila mwaka, kwa hiyo deni langu halitapanda kila mwaka kwa tozo hiyo. Kwa binti ambaye bila mkopo huu angekuwa anapalilia Handeni, mimi nitaulipa, na nitalipa kwa moyo safi.

Ukiwa unaomba mwaka huu, angalia vyeti leo, usisubiri matokeo ya Julai. Linganisha jina lako kwenye cheti cha kuzaliwa na lile la cheti cha kidato cha nne, herufi kwa herufi. Ramadhan na Ramadhani si jina moja mbele ya mfumo. Kama kaya yenu iko TASAF, ule mpango wa Serikali wa kusaidia kaya maskini, tafuta namba ya kaya mapema, maana inasaidia sana kuonyesha uhitaji. Steshenari nenda kuprinti na kuskani, lakini namba ya simu iwe yako na nywila uiandike kwenye daftari lako. Na ukiambiwa mzazi aliyelala kaburini awekwe hai ili mfumo upite, inuka kwenye hicho kiti uondoke.

Mdogo wangu wa kiume yuko kidato cha tano sasa. Cheti chake cha kuzaliwa kimeshahakikiwa, na cha kifo cha baba kiko ndani ya faili la plastiki, juu ya kabati la mama, pamoja na nakala tano.