Redio ya bendi nyingi: ipi ununue, na ipi uiache kwa muuzaji

Muuzaji akikwambia redio "imefunguliwa", yaani inarusha nje ya masafa ya kiwandani, muulize kama vichujio vyake (sehemu zinazozuia mawimbi yasiyotakiwa) navyo vimefunguliwa. Kufungua masafa mara nyingi ni kuondoa dayodi moja kwenye bodi, kazi ya dakika kumi. Lakini koili na kapasita za vichujio vya hatua ya mwisho zilipimwa kwa bendi fulani, na hazijui kwamba namba kwenye kioo imebadilika. Kwa hiyo hapa tumepanga njia za kuongeza bendi kwanza kwa usafi wa mawimbi yanayotoka kwenye antena, kisha kwa hatari ya kuunguza kifaa. Urefu wa orodha ya masafa tumeuweka kando.

Kama unataka kusikiliza tu, usibadilishe chochote. Kipokezi cha USB chenye chipu ya R820T2 kinasikia takribani 24 hadi 1,766 MHz, na RTL-SDR Blog V4 inashuka hadi mawimbi mafupi kwa sababu kibadilishi cha masafa kiko ndani yake. Unayetaka kurusha, endelea, ukikumbuka kwamba leseni ya amateur (warushaji wa kujifurahisha, si wa biashara) inataja bendi zake, na katika nchi nyingi redio ya CB (ya raia wote, karibu na 27 MHz) iliyobadilishwa hupoteza uhalali wake wa CB.

1. Redio ya HF (mawimbi mafupi) ya amateur, hata ya mtumba

Icom IC-7300, Icom IC-718 au Yaesu FT-891 tayari zinapokea mawimbi mafupi yote. Kinachofungwa ni kurusha, na sababu halali ya kukifungua ipo: mkutano wa kimataifa wa masafa wa 2015, WRC-15, uliwapa amateur 5,351.5 hadi 5,366.5 kHz kwa nguvu ndogo (W 15 EIRP, yaani pamoja na mchango wa antena), lakini redio nyingi zilizotengenezwa kabla ya hapo hazirushi huko.

Utofauti wa vichujio unaonekana hapa vizuri. Ukirusha 5.36 MHz kupitia kichujio cha bendi ya mita 40 (karibu 7 MHz), mwangwi wa pili, yaani wimbi lisilotakiwa lenye masafa maradufu, uko 10.72 MHz, mbali juu ya ukomo wa kichujio, unakatwa. Ukirusha 2.1 MHz kupitia kichujio cha mita 80 (karibu 3.5 MHz), mwangwi wa pili ni 4.2 MHz, ukingoni kabisa mwa kichujio, na unapita karibu wote. Redio ni ileile na dayodi iliyoondolewa ni ileile, ila ya pili inachafua hewa.

Ukinunua iliyokwisha kufunguliwa, omba picha ya bodi. Dayodi hizi ni ndogo kuliko punje ya mchele, na pasi ya kulehemu yenye ncha nene hung'oa njia ya shaba pamoja nazo. Baada ya kazi hiyo redio nyingi hudai kurejeshwa kwenye mipangilio ya kiwandani, jambo linalofuta kumbukumbu zote, kwa hiyo nakili mipangilio kwanza.

2. Transvata

Hiki ni kifaa cha nje kinachohamisha mawimbi ya redio kwenda bendi nyingine, na ndiyo njia safi ya kupanda juu bila kufungua kifuniko cha redio. Transvata ya 144 MHz huchanganya 28 MHz na mtetemo wa 116 MHz, hivyo 28.2 kwenye kioo ni 144.2 hewani. Ya 50 MHz hutumia 22, ya 70 MHz hutumia 42.

Inashika nafasi ya pili kwa sababu inaungua kirahisi. Nyingi zinataka miliwati chache tu. Redio ikishushwa hadi W 5, bado unahitaji kipunguza nguvu cha dB 30 ili upate mW 5, nacho kiwe cha kuhimili W 10 au zaidi. Kuna redio ambazo hutoa nguvu kamili kwa sehemu ndogo ya sekunde unapobonyeza maiki, hata ukiwa umeziweka chini. Mruko huo mmoja unatosha kuua kichanganyaji. Uliza pia uthabiti wa kristali: 5 ppm (sehemu tano kwa milioni) kwenye 116 MHz ni kosa la Hz 580, na sauti ya SSB (urushaji wa sauti unaodai masafa sahihi) itasikika kama ya bata. Chukua yenye 1 ppm.

3. Redio ya mita 10 yenye umbo la CB

President Lincoln II na Anytone AT-6666 zina AM, FM na SSB, na zimetengenezwa kwa 28 hadi 29.7 MHz. Kwa anayetaka mita 10 ndani ya gari, inatosha. Usilipe zaidi kwa sababu tu imefunguliwa kushuka 27 MHz: haitakuwa CB halali.

4. CB ya zamani kupandishwa mita 10

Nunua kwa kuangalia chipu ya PLL (inayotengeneza masafa ya redio), jina la redio baadaye. PLL02A inapokea namba yoyote ya biti 9, hivyo inabadilika. LC7132 imefungiwa chaneli 40 ndani yake, iache.

Ukiongeza 2 MHz, chaneli ya 1 inatoka 26.965 kwenda 28.965, na ya 40 inafika 29.405. Mapengo ya CB yanahama nayo: baada ya chaneli 3, 7, 11, 15 na 19 unaruka kHz 20.

Kazi yenyewe: badilisha kristali ya kuchanganya, kisha zungusha koili ya VCO (kitetemeshi kinachoongozwa na volti) huku ukipima volti ya udhibiti kwenye chaneli ya 1 na ya 40. Volti ikigota mwisho upande wowote, mzunguko hauja­shika na redio haitarusha. Ndipo urekebishe koili za mapokezi, halafu za kurushia, ukiwa na mzigo bandia wa ohm 50 badala ya antena. Tumia bisibisi ya plastiki. Ya chuma hupotosha kipimo na kupasua kiini cha feraiti. Mafundi wengi husahau mtego wa 54 MHz (unaozuia mwangwi wa pili wa 27 MHz) kwenye njia ya kutokea: nao lazima upandishwe hadi karibu 58.

Transista ya mwisho ikiungua, 2SC1969 halisi haitengenezwi tena na bandia zimejaa. IRF520, transista ya aina nyingine, haiingii hivihivi badala yake, kwani lango lake linataka volti mbili hadi nne za kuanzia, ilhali ile ya zamani ilitaka takribani 0.6.

5. Redio ya mkononi yenye programu iliyobadilishwa

Quansheng UV-K5 ikiwekewa programu nyingine inasikia sehemu kubwa ya 18 hadi 1,300 MHz. Inafurahisha, ingawa stesheni za FM zilizo karibu huizidi nguvu. Nje ya bendi zake usibonyeze kitufe cha kurushia.

Ukichagua namba 3 au 4, tenga muda wa antena. Robo ya wimbi kwa mita ni 71.5 gawanya kwa MHz: fimbo ya CB ya mita 2.63 inatakiwa kuwa 2.46 kwa 29.1 MHz. Kata sentimita mbili mbili, ukipima SWR (kipimo cha mawimbi yanayorudishwa na antena) kila mara.