C ilijaa, fundi akafuta D: duka la laptop pale Kabwe, Mbeya

Kama C ya laptop yako, yaani ile patisheni (kipande cha diski) inayobeba Windows, imekuwa nyekundu kwa kujaa, usiiache mikononi mwa yule kijana wa kaunta. Naandika hasira ikiwa bado haijapoa, na sitaificha.

Mashine ina hadidiski ya GB 500, ile ya kuzunguka. C ilikuwa na GB 100 na imejaa kabisa. D imechukua karibu yote iliyobaki, nafasi tele, na ndani yake hesabu za wakulima wa parachichi wa Rungwe: uzito, malipo, picha za risiti. Nilimwagiza kazi moja tu: apunguze D, aongeze C. Nikamwambia wazi kwamba D ina kazi za watu. Narudi jioni, C imekuwa kubwa kweli, D haipo. Nikauliza. Macho yake hayakutoka kwenye simu: "Dada, si wewe uliyesema unataka nafasi?"

Alichofanya kinajulikana. Amefungua Disk Management, sehemu ya Windows ya kugawa diski, akaikata D kwa "Shrink Volume". Nafasi ikapatikana, ila mwishoni mwa D. Windows huirefusha C kwa nafasi tupu inayogusana nayo upande wa kulia tu, na hapo katikati imekaa D. Kwa hiyo "Extend Volume" ikabaki kijivu, haibonyezeki. Fundi anayeijua kazi anasimama hapo na kumpigia mwenye mali. Huyu akaifuta D nzima, kitufe kikakubali, akaivuta C hadi mwisho wa diski.

Na kazi yenyewe haikuwa ngumu! Unakopi D yote kwenye diski ya nje, unafungua faili kadhaa kuhakikisha zinasomeka, ndipo unaifuta D. Unabofya C kwa kitufe cha kulia cha mausi, "Extend Volume", unaandika 102400, maana inahesabu kwa MB na hizo ni GB 100. Inayobaki unaitengeneza kuwa D mpya, unarudisha mafaili. Kama diski ya nje hakuna, ipo GParted, programu ya kupanga patisheni, unaiwasha kwa flashi. Hapo D inakatwa upande wa kushoto na data inasogezwa, halafu C inarefushwa. Kwanza zima Fast Startup, ile njia ya Windows ya kuwaka haraka, la sivyo Windows inaacha diski imefungwa nusunusu na GParted inakataa kuigusa. Ondoa BitLocker, kufuli la Windows kwenye diski, kama ipo, endesha chkdsk ikague makosa ya diski. Chomeka chaja na uwe na betri nzima, kwani kwenye diski ya kuzunguka kusogeza kunaweza kuchukua saa nyingi, na umeme ukikatika katikati patisheni inaharibika.

Tena pengine hata patisheni haikuhitaji kuguswa. Hakuangalia kama kuna folda ya Windows.old, mabaki ya Windows ya zamani. Hakuandika powercfg /h off kuondoa hiberfil.sys, faili la kulaza mashine (hibernate), ambayo hula GB kadhaa kulingana na RAM. Hakuhamishia Downloads kwenye D, kazi ya dakika chache: bofya kulia, Properties, Location, Move. Kwa wengi hayo matatu yanatosha.

Kilichoniumiza zaidi ni kwamba baada ya kufuta aliendelea kuiwasha mashine, akaweka na programu ambazo hakuna aliyemwagiza. Patisheni ikifutwa, kinachoondoka ni maelezo yake kwenye jedwali la diski; mafaili yenyewe yanabaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Angezima papo hapo, TestDisk, programu ya kurudisha patisheni zilizofutwa, ingeweza kuirudisha D na majina ya mafaili yake. Kwa kuwa C ilishatandazwa juu yake na Windows imeandika, ikabidi kutumia PhotoRec, inayookota faili moja moja, kwa Linux ya flashi, matokeo yakiwekwa diski nyingine. Mengi yamerudi, ila PhotoRec haijui majina: yanakuja kama f0482176.xlsx, folda zote zimevurugika. Sasa kila moja lifunguliwe, lisomwe, lipewe mkulima wake. Ingekuwa SSD, diski isiyozunguka, TRIM, amri inayoiambia isafishe nafasi iliyoachwa, ingeweza kufuta yote na tusingekuwa na hata hizo namba.

Niseme haki: fundi mkubwa wa duka hilo ni mzuri. Bawaba na kioo anafunga vizuri, bei anakutajia kabla hajafungua skrubu, na spea iliyotolewa anakurudishia uione. Nilikusudia kuwapa nyota tatu kwa ajili yake, niseme tu patisheni pelekeni kwingine.

Lakini hapana. Nilipompelekea malalamiko, huyo huyo mkubwa akasema kijana bado anajifunza, akaniahidi punguzo nikirudi tena. Anajifunzia kwenye hesabu za watu wanaosubiri malipo yao? Mwanafunzi anapewa diski chakavu, hapewi mashine ya mteja peke yake. Na hakuna aliyeniuliza swali ambalo kila duka linapaswa kuuliza kabla ya kugusa diski: una nakala? Nawashusha hadi nyota moja, kioo na bawaba humo humo, mpaka Sh 30,000 yangu irudi na yule kijana aombe radhi.