Uzoefu wangu: masomo ya tabla mjini Pune, na jioni moja iliyoniharibia
Ninasoma hapa Pune, India, na kwa miezi kadhaa nimekuwa nikilipia darasa moja la tabla (jozi ya ngoma za Kihindi zinazopigwa kwa mikono) ambalo, hadi hivi karibuni, ningemshauri kila mtu ajiunge nalo. Sasa nasita, na sababu ni jioni moja tu.

Tulikuwa tukipiga tintaala, mzunguko wa mapigo 16 yaliyogawanywa katika mafungu manne. Katika mwendo wa pole, vilambiti, nilihesabu kimoyomoyo na kurejea kwenye samu, yaani pigo la 1, bila kuteleza. Mwalimu msaidizi, aliyekuwa akirudiarudia lehara, kipande kifupi cha muziki kinachoshika mzunguko, kwenye harmoniamu, akaongeza kasi ghafla, nami nikapotea mara tu baada ya khali, yaani pigo la 9, lisilopigiwa kofi. Wenzangu walipotua kwenye samu, mimi nilikuwa bado nyuma. Akasimamisha muziki, akaniambia mbele ya watoto wadogo na wazazi wao: "Hesabu! Kuhesabu hadi 16 nako kunakushinda?" Nilirudia mara tatu, na mara zote tatu hakuwa na neno jingine.

Kinachoniuma si kukemewa, bali kukemewa kwa ushauri usiofaa kitu, kwa sababu katika druti, mwendo wa kasi, hesabu ya kichwani haiwezi kuifuata mikono. Mwanafunzi mmoja aliyetutangulia kwa miaka ndiye aliyenieleza, tukivaa viatu ngazini, kwamba niisikilize ngoma ya mkono wa kushoto, bayani: sauti yake nene hunyamaza kwenye pigo la 10, pale silabi ya pigo, dhin, inapogeuka tin, na hurudi kwenye pigo la 14, hivyo anayeisikia ikirudi anajua samu iko mapigo matatu mbele. Usiku ule niliitamka theka, yaani mfuatano wa silabi za mapigo yote 16, kwa mdomo nikiongeza kasi kidogo kidogo, na samu ikaja yenyewe.

Maelezo ya dakika mbili, nami nimeyapata ngazini! Nilipoanza kuandika nilikusudia kusema msiende. Hata hivyo, bila zile wiki za mwanzo ambapo mwalimu mkuu alitukataza kugusa ngoma, akatufanya tupige makofi kwenye pigo la 1, la 5 na la 13 na kupunga mkono kwenye la 9, maneno ya ngazini yasingeniingia. Yeye anajua anachofundisha. Ada ya mwezi ujao nimekwisha kuilipa, na nimemwomba kwa maandishi kwamba siku zangu harmoniamu ishikwe na mtu mwingine.