CNC ya kukatia mabango Lubumbashi: kabla ya bei, uliza umeme ukikatika inakuwaje

Swali linalonifikia kutoka Katuba, Ruashi, hata Likasi ni lile lile: "Dada, nataka kufungua kazi ya mabango, ninunue CNC gani?" CNC ni mashine ya kukata inayoongozwa na kompyuta. Walioshanunua nao wana lalamiko lao, na wote wanalia kilio kimoja. Mashine inakata vizuri, wateja wapo, lakini umeme ukienda kazi ikiwa katikati, plaki nzima, yaani shiti inayokatwa, inatupwa. Mmoja alikuwa anakata herufi za duka la dawa kwenye pleksi, plastiki ngumu kama kioo, ya milimita 10. Delestaji, ule mgao wa umeme, ikamkuta kwenye herufi ya mwisho. Umeme uliporudi, mashine ikaanza kutoka mahali ilipodhani ndipo sifuri, ikapitisha freze, kile kisu kinachozunguka, juu ya herufi zilizokwisha kukatwa. Pleksi ya unene huo hapa mjini si ya kuchezea.

Kwa hiyo ukubwa wa meza nitaupitia mbio. Plaki za aluko (alumini na plastiki), pleksi na foreksi (plastiki nyepesi) kwa kawaida ni milimita 1220 kwa 2440, basi meza yako ni ile wanayoiita 1325, yaani milimita 1300 kwa 2500. Mota ya kukata ya kilowati 3 inatosha kazi ya mabango. Anayekusukuma uchukue ya 6 anatafuta faida yake. Hayo yamekwisha.

Tuje kwenye kumbukumbu. Mota za hatua, ambazo ndizo ziko kwenye mashine nyingi za bei ya kati, hazina macho. Zinafuata mipigo tu, kidhibiti (ubongo wa mashine) ndicho kinachohesabu, na umeme ukizimika hesabu inapotea. Ili kazi iendelee pale ilipoishia, lazima uwe na vitu vitatu. Kwanza, kidhibiti kinachohifadhi mahali kilipofika wakati umeme unakatika. Pili, swichi za nyumbani kwenye kona ya mashine, ambazo inazigusa ili ianze kuhesabu upya kutoka sehemu ile ile. Tatu, plaki ambayo haijasogea hata unywele. Wauzaji wanataja cha kwanza tu, tena mpaka uwabane.

Hicho cha tatu ndicho kinachowaangusha watu, kwa sababu kinakuja na jina zuri: meza ya kunyonya hewa. Kwenye video inapendeza kweli. Fundi anatupa plaki mezani, pampu inanguruma, plaki inanata bila skrubu. Sasa fikiria hapa kwetu. Umeme ukienda, pampu inakufa, plaki inaachiliwa huku freze bado imezama ndani yake. Hata kama kidhibiti kina akili ya kukumbuka kila kitu, kitarudi kwenye plaki ambayo haipo tena ilipokuwa. Chukua meza ya mifereji, ile unayofunga vibanio kwa bolti. Inakuchelewesha kidogo kila unapobadilisha plaki, lakini ni rahisi zaidi na haihitaji pampu ambayo peke yake inaweza kula umeme kuliko mota ya kukata.

Kuna na jambo la mota inayopanda na kushuka. Mhimili wa juu ukiwa na skrubu ya mipira, ile inayoteleza kirahisi juu ya vigololi, na mota ya kukata ikiwa nzito, umeme ukikatika uzito unaweza kuishusha polepole mpaka itoboe kazi. Uliza kama mota ya mhimili huo ina breki. Muuzaji akikujibu kwa kukutumia picha za rangi za mashine, jua jibu ni hapana.

Haya, mashine zenyewe, kwa nafasi zake.

Ya kwanza, wala sifichi kwamba ninaipendelea: 1325 yoyote iliyotengenezwa vizuri, mradi iwe na kidhibiti cha mkononi cha RichAuto, kile cha A11. RichAuto ni Wachina wa Beijing, na kifaa chao kinasoma kazi kutoka kwenye flashi bila kompyuta. Umeme ukikatika kinahifadhi sehemu ilipofika. Ukirudi, unairudisha mashine nyumbani, unakubali iendelee, inaendelea. Hakikisha tu imepangwa ipandishe freze kwanza ndipo itembee kwenda kona, la sivyo italima kazi yako njiani. Mashine zenyewe nyingi hutoka Jinan, mkoa wa Shandong, na kwa kawaida utasikia kati ya dola 3000 na 6000 kabla ya usafiri. Reli ziwe za mraba, HIWIN ya Taiwan kama pesa ipo. Mota ya kukata inayopozwa kwa hewa ninaipendelea kuliko ya maji, kwa sababu ile ile ya umeme: pampu ya maji ikiwa kwenye soketi nyingine na isiwake umeme uliporudi, unaunguza mota huku ukifikiri unafanya kazi.

Ya pili, 1325 yenye NcStudio, programu ya kuendeshea mashine ya Weihong, kampuni ya Shanghai. Nayo inaweza kuendelea pale ilipoishia, na mafundi wengi wanaipenda. Shida yake ni kwamba inakaa ndani ya kompyuta, na matoleo ya zamani yanataka kadi ya PCI ambayo kompyuta mpya hazina nafasi yake. Basi lazima onduleri, kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika. Hapo sikiliza vizuri: watu wananunua onduleri kubwa, wanachomeka kompyuta na mota za kutembeza pamoja, wanaacha mota ya kukata kwenye umeme wa mtaani kwa sababu ni nzito. Umeme ukienda, mashine inaendelea kutembea na freze iliyosimama. Inavunjika pap! Fundi aunganishe variata, kifaa kinachoendesha mota ya kukata, na kidhibiti, ili variata ikizimika kila kitu kisimame.

Ya tatu, mashine ndogo za 6090, meza ya sentimita 60 kwa 90, zenye programu ya Mach3. Zinakata vizuri vibao vya milango na alama ndogo za usalama ambazo shantie za migodi huagiza. Lakini Mach3 kwa waya wa zamani wa pini 25 inataka Windows ya biti 32, na kurudi pale ilipoishia unafanya kwa mkono, ukitafuta mstari wa programu kama unatafuta sindano. Kama ndiyo pesa uliyo nayo, nunua onduleri kwanza.

Zile za mezani za 3018, meza ya sentimita 30 kwa 18, ni za kujifunzia. Usimwahidi mteja.

Mashine za Marekani na za Ulaya siziorodheshi. Ni nzuri, lakini nyingi zinataka umeme wa fezi tatu, na kipuri kikiharibika utakisubiri huku kodi ya karakana inatembea.

Sasa wauzaji. Ninyi patroni mnaoleta mashine, kwa nini bei mnayotangaza ni ile ya bandari ya China? Mnunuzi anauza kiwanja akijua ana pesa ya kutosha, halafu anaanza kusikia kontena mpaka Dar es Salaam, lori kupitia Zambia, foleni ya Kasumbalesa, duane (forodha), TVA (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16, deklaranti (wakala wa forodha) naye anangoja chake. Semeni bei ya mashine ikiwa imefika hapa Lubumbashi. Na garantii ya mwaka mmoja ambayo namba yake ya simu haishikwi baada ya mwezi, iiteni jina lingine.

Mnunuzi, na wewe jilinde. Viwanda vingi vitakudai asilimia 30 mwanzo na 70 kabla ya kusafirisha. Kabla hujatuma hizo 70, dai video ya mashine yako, si ya jirani: inakata duara, mtu anazima swichi kuu katikati, anasubiri, anawasha, anairudisha nyumbani, inaendelea. Wakuoneshe karibu pale mistari miwili inapokutana. Kukiwa na ngazi unayoweza kuihisi kwa ukucha, swichi za nyumbani ni za ovyo, wabadilishe. Na wasogeze kamera kwenye kidhibiti usome jina, maana nakala bandia za RichAuto zipo.