KWin ya Plasma 6: dirisha jipya likifunguka, kibodi ibaki kwa nani?

Nenosiri la sudo, amri ya kuomba mamlaka ya msimamizi, linaandikwa kwenye terminali, dirisha la kuandikia amri. Kwenye herufi ya nane dirisha la gumzo linachomoza mbele, herufi nne za mwisho zinaangukia humo, kisha Enter inazituma kwa kundi zima. Au kinatokea kisanduku cha kuuliza kama kompyuta iwashwe upya, na kidole kimeshashuka kwenye kitufe cha nafasi: jibu limetoka kabla swali halijasomwa. Kidhibiti madirisha kinachoruhusu hayo kimeshindwa kazi yake ya kwanza, hata kiwe na mapambo ya namna gani.

KWin, kinachosimamia madirisha kwenye Plasma 6, mazingira ya eneo-kazi ya Linux yanayotengenezwa na KDE, tangu Februari 2024, ndicho tunachokipa alama za juu katika jambo hili. Ila usikiache kama kilivyokuja.

Ingia System Settings, Window Management, halafu Window Behavior. Kinga dhidi ya kunyang'anywa fokasi, yaani haki ya dirisha kupokea unachoandika, ina ngazi tano: None, Low, Medium, High na Extreme. Chaguo-msingi ni Low, na hapo ndipo tunapogombana nacho. Kwenye Low, dirisha lisiloeleza limeitwa lini na mtumiaji hupewa kibodi tu. Shaka inamnufaisha mvamizi. Medium hulinyima. High hukubali madirisha ya programu unayoitumia wakati huo peke yake, kwa hiyo hata programu uliyoifungua mwenyewe huweza kujificha nyuma. Weka Medium. Kwa wapenda terminali (2 ni Medium):

kwriteconfig6 --file kwinrc --group Windows --key FocusStealingPreventionLevel 2
qdbus6 org.kde.KWin /KWin reconfigure

Baadhi ya mifumo huiita amri ya pili qdbus tu.

Utaratibu wenyewe ni wa haki. Kwa programu za X11, mfumo wa zamani wa kuonyesha madirisha kwenye Linux, KWin hulinganisha saa. Umebofya programu nzito, inachukua sekunde sita kuamka, nawe umeshaanza kuandika kwingine. Dirisha lake linakuja na saa ya ule mbofyo, ambayo ni ya nyuma kuliko herufi uliyoigusa mwisho, basi linabaki nyuma na kitufe chake kwenye upau wa kazi kinabadilika rangi. Kwa Wayland, mfumo mpya, hutumika tokeni, yaani kibali cha mara moja cha kuja mbele: programu yenye fokasi huiomba, kisha huikabidhi kwa ile inayoitwa. Ndiyo maana wakati mwingine unabofya kiungo kwenye barua pepe na kivinjari kilichokwisha kufunguka hakiji mbele. Watu humlaumu KWin bure. Programu ya barua ndiyo haikukabidhi tokeni.

Kitu kinachokitofautisha KWin na wenzake ni kanuni za dirisha mojamoja. Terminali ikiwa mbele, bonyeza Alt+F3, More Actions, kisha kanuni za programu hiyo. Ongeza sifa ya Focus protection, chagua Force, weka Extreme. Terminali ikiwa inatumika, hakuna dirisha litakaloichukulia kibodi mpaka wewe ubofye. Gharama yake ni kwamba hata kihariri ulichokiita kutoka terminali hiyo hiyo kitafunguka nyuma. Kwa gumzo fanya kinyume: sifa ya Focus stealing prevention, Force, Extreme, ili dirisha lake lisipewe kibodi likichomoza. Mazingira mengine ya Linux yana machache: GNOME ina chaguo mbili tu, smart na strict, kupitia amri ya gsettings, na Xfce ina kisanduku kimoja cha kuweka tiki. Vinatosha kwa matumizi mepesi, lakini havikupi kanuni ya kila dirisha peke yake.

Kuhusu mahali pa kuliweka dirisha, Centered hurundika kila kitu katikati, jipya likiziba ulichokuwa ukisoma. Chagua Minimal Overlapping, ambayo hutafuta sehemu ambapo madirisha yatafunikana kidogo zaidi. Under mouse tunaishauri isitumike: dirisha linaibuka chini ya kishale, na mbofyo uliokuwa njiani unatua kwenye kitufe chake. Visanduku vya maswali KWin huviweka juu ya dirisha mzazi, ilimradi programu imemtaja mzazi. Isipomtaja, kisanduku huweza kutokea kwenye skrini nyingine kabisa. Kwa Wayland programu haiwezi kujichagulia mahali pake, hivyo dirisha unalotaka lirudi palepale lipe kanuni ya Position yenye Remember.

Kasoro moja haitibiwi na ngazi yoyote iliyo chini ya Extreme. Medium na High zote huruhusu dirisha la programu ileile unayoitumia. Kihariri kikifungua kisanduku cha «faili limebadilika, lipakiwe upya?» katikati ya sentensi, Enter yako inakuwa jibu. Focus protection ya Extreme hukinyima fokasi, lakini kisanduku cha kuhifadhi ulichokiita mwenyewe nacho kitasubiri kubofywa. Dawa bora iko kwa watengeneza programu. Firefox huzima kitufe cha kukubali kwa milisekunde 1000 kisanduku cha kupakua kinapotokea. Mpangilio wake unaitwa security.dialog_enable_delay. Tungependa kuona zana za KDE zikifanya vivyo hivyo kwa kila kisanduku chenye kitufe cha kufuta au kuzima.