Chembe Nano Zing'aazo za Kupima na Kuondoa Shaba Majini: Tathmini ya Kifurushi Nilichokitumia

Kifurushi hiki kina unga wa chembe nano, yaani chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, ambazo viini vyake ni oksidi ya chuma inayovutwa na sumaku. Kila kiini kimefunikwa kwa silika (dutu iliyomo katika mchanga na kioo), na juu ya silika zimeshikizwa molekuli zinazong'aa buluu zinapomulikwa kwa taa ya urujuanimno ya nanomita 365. Molekuli hizo zikinasa ayoni za shaba, yaani atomi za shaba zenye chaji zilizoyeyuka majini, mwanga hufifia. Kisha sumaku ikiwekwa ubavuni mwa chupa, chembe hukusanyika hapo pamoja na shaba iliyonaswa, nawe ukayamimina maji kando.

Katika maji yaliyokenekwa, ambayo niliyatia salfeti ya shaba kwa makusudi, kazi hiyo iliniridhisha kabisa. Nilipotia chembe mpya kidogo katika maji yaliyomiminwa, ziling'aa bila kufifia, na zile za kwanza zilirudisha mwanga baada ya kusuuzwa kwa EDTA, kemikali inayonasa metali, ambayo huishika shaba kwa nguvu zaidi. Maji hayo ya kusuuzia sasa ndiyo yenye shaba na hayafai kumwagwa ovyo; maelezo ya matumizi hayasemi neno juu ya hilo, nami naliona kuwa kosa kubwa.

Maji ya kisima yalinitaka uangalifu zaidi. Chuma kilichoyeyuka nacho hufifisha mwanga, tope huuziba, na mabaki ya mimea iliyooza hung'aa buluu yenyewe chini ya taa ileile, hata ikawa vigumu kujua ninachokiona kinatoka wapi. Kuyachuja kwanza kulisaidia kwa tope tu.

Ninalolipinga hasa ni maandishi ya kwenye boksi, yasemayo kuwa chembe hizi hugundua "metali zote nzito". Shirika la Afya Duniani linapendekeza shaba isizidi miligramu 2 kwa lita ya maji ya kunywa, risasi mikrogramu 10, na zebaki isiyo ya kikaboni mikrogramu 6. Ukihesabu idadi ya ayoni zenyewe badala ya uzito wake, kikomo cha zebaki ni kidogo kuliko cha shaba kwa takriban mara elfu moja, na ufifiaji mdogo kiasi hicho jicho haliwezi kuutambua. Chupa inaweza kuendelea kung'aa vizuri huku maji yakiwa na risasi ya kumdhuru mtoto. Kwa shaba nitakinunua tena; kwa risasi na zebaki napeleka sampuli maabara, na mtengenezaji ayafute maneno yale kwenye boksi.