Bedford TJ na Bedford TK: Kumbukumbu za Barabara ya Lushoto

Malori haya mawili yaliundwa Uingereza, katika kiwanda cha Bedford mjini Dunstable. TJ ilitoka mwaka 1958, na TK ikafuata muda si mrefu, ila kwa dereva yalikuwa kama ya vizazi tofauti. TJ ina pua: injini imekaa chini ya boneti, hivyo fundi huifunua, husimama kando ya tairi na kuona kila kitu. Injini ya TK iko nyuma ya viti, nawe huifikia kupitia kimlango cha ubavuni, kazi inayotaka mkono mrefu na subira.

Hata hivyo, kwa kuteremsha kabichi kutoka Lushoto hadi Mombo, naipenda zaidi TK. Dereva amekaa mbele kabisa, kwa hiyo anauona ukingo wa korongo katika kila kona, ilhali boneti ya TJ huificha barabara pale pale inapokata. Bado namsikia utingo akiipiga bodi kwa kiganja mara mbili: twende. TJ ningeichagua kwa safari ndefu za tambarare, ambako ukiharibikiwa unajitengenezea mwenyewe.